Sambamba na Zamu za Mama

Kazini walimwita Sambamba, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Siku za mwanzo, kila alipoulizwa anafanya nini hasa katika ofisi ile ya utabiri wa hali ya hewa, alijibu, "Naandika programu za prosesa zinazofanya kazi sambamba," na hilo neno la mwisho alilitamka kwa kujivuna kidogo, mikono yake miwili ameinyoosha mbele utadhani amebeba kitanda. Wenzake hawakumwachia. Mpaka leo, ukifika mlangoni ukamuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake, mlinzi atakutazama tu.

Kompyuta anayoihudumia si ya kuweka mezani. Imechukua chumba kizima: makabati meusi safu kwa safu, baridi ya viyoyozi inayoingia hadi kwenye mifupa, na ndani ya kila kabati prosesa ndogondogo, nyingi, kila moja na hesabu zake. Sasa watu wakisikia "nyingi" wanadhani mambo ni mteremko. Moja ikimaliza kazi kwa siku nzima, zikiwa mia si zitamaliza kufumba na kufumbua? Mkuu wa kitengo, mtu muungwana lakini mwenye haraka zake, alidhani hivyohivyo. Alipigania makabati yaongezwe, yakaongezwa, wageni wakaja kupigwa picha mbele yake, na utabiri wa mvua ukatoka umechelewa kuliko zamani. Mkuu akamkodolea macho Sambamba.

"Zinasubiriana," Sambamba alimwambia.

"Zinasubiriana nini? Mashine hizo!"

Basi akamweleza, na si mara ya kwanza. Anga limegawanywa vipande, kila prosesa imepewa kipande chake. Lakini wingu halijui mpaka. Likitoka hapa linaingia kwa jirani. Kwa hiyo kila baada ya hesabu kidogo prosesa inabidi isimame, iwaulize majirani, "Kwenu kukoje?" na kabla haijajibiwa haiendi mbele. Ukiongeza prosesa, maswali nayo yanaongezeka. Ukizikataza kuuliza, kila moja inatabiri la kwake, na unapata mvua inayonyesha upande mmoja wa ukuta. Na ole wako ziandike mahali pamoja. Mbili zinasoma namba ileile kwa wakati mmoja, kila moja inajumlisha chake, na inayochelewa kuandika inafuta kazi ya mwenzake bila kujua. Programu haigandi wala hailalamiki. Inakupa jibu safi, limepangika vizuri, la uongo. Ukiirudia ili umwonyeshe mtu, siku hiyo jibu linatoka sahihi, na wewe unaonekana mzushi.

Kwa hiyo kazi ya Sambamba, miaka nenda miaka rudi, ilikuwa ni kuzuia prosesa zisikanyagane, na kupunguza maongezi baina yao. Hilo la pili ndilo alilosifiwa zaidi. Alikuwa anaweza kukaa na programu ya mtu mwingine wiki nzima akiipunguzia maswali, hili halina haja, hili liunganishwe na lile, mpaka inapiga mbio. "Maongezi ni hasara," alizoea kusema, na vijana wapya walimwamini, kwa kuwa hakuna aliyeijua mashine ile kumshinda.

Mama yake alikuwa kinyume chake kabisa. Alifanya kazi duka la viatu maisha yake yote, na mdomo wake ndio uliokuwa mtaji. Mteja aliyeingia na mguu mnene alitoka na kiatu chembamba, ameshashawishika kwamba kitajiachia kikizoea. Nyumbani pia hakunyamaza. Aliongea na sufuria, aliongea na mtu wa redio akimkosoa, aliwaongelesha wanawe kutoka jikoni huku wao wako uani, na alitaka ajibiwe. Ndiye huyo ambaye kiharusi kilimpata akiwa anafunga kamba za kiatu cha mteja. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na nusu ya mdomo. Akili ilibaki yote. Maneno alikuwa nayo, lakini kila moja lilimtoka kwa shida, kipande kipande, huku jasho likimtoka kwenye paji la uso.

Wanawe walikuwa watatu. Kaka mkubwa ni fundi bomba, ana familia yake upande wa pili wa mji. Sambamba ni wa kati, amepanga vyumba viwili jirani na ofisi. Kitinda mimba ni fundi cherehani, na ndiye aliyebaki na mama, mashine yake ya kushonea iko chumba cha mbele kinachotazama barabara. Walijigawa vizuri tu. Hakuna aliyetegea, na hilo nalisema mapema, maana mtu akisikia yaliyotokea anaweza kudhani walikuwa watoto wa hovyo. Walimpenda mama yao kupita kiasi, na mapenzi yale ndiyo yaliyowakoroga.

Asubuhi moja kaka mkubwa alipita kabla ya kwenda kazini. Akaona glasi ya dawa iko mezani, safi, maji hayajaguswa, ishara kwamba mama bado hajanywa dawa. Akampa mama kidonge cha presha, akampa maji, akaisuuza glasi na kuijaza tena kwa vile alilelewa hivyo, akambusu kwenye paji la uso, akatokea mlango wa mbele. Kitinda mimba muda wote huo alikuwa jikoni akichemsha chai, na glasi alishaiona safi tangu alipoamka. Akaingia na kikombe mkono mmoja, kidonge mkono mwingine. Mama akatikisa kichwa, akaanza kutafuta neno.

"Kunywa kwanza, mama," binti alimwambia kwa upole. "Tutaongea baadaye."

Akanywa. Kabla ya saa nne presha ilishuka, akazirai, na wote watatu wakakutana hospitali, roho juu. Daktari alimrudisha mama katika hali yake, kisha akawageukia akawaambia kwamba wakirudia kosa lile huenda safari nyingine asiwe na la kufanya.

Walipomfikisha mama nyumbani, kaka mkubwa aliwageukia wadogo zake. "Nimeongea na mama mdogo," alisema. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa anaishi mbali sana, mwendo wa siku na ushee kwa basi, lakini nyumba yake ilijaa watu kutwa nzima. "Chumba kipo. Ikitokea tena, nampeleka. Simuachi mama afe kwa sababu sisi hatujui kujipanga."

Mama, aliyekuwa amelala hapo hapo, alipiga godoro kwa kiganja chake kizima. "Ha," alisema. Akapumzika. "Pa." Akapiga tena. Hapa ndipo palikuwa kwake. Lile duka la viatu lilikuwa kona ya pili, marafiki zake wote walikuwa mtaa ule, na marehemu mume wake alizikwa katika mji ule ule. Sambamba akauona uso wake, akajua kwamba ile safari ya basi mama angeimaliza, ila huko asingeishi.

Akapiga moyo konde. Hili kosa analijua! Ndilo analopambana nalo kila siku kule ofisini: wawili wamesoma kitu kimoja, wote wakatenda, hakuna aliyekosea. Na dawa yake anaijua. Unaweka kufuli. Kitu kimoja tu, na asiyekuwa nacho haruhusiwi kugusa.

Akachukua kipande cha kitambaa cha bluu kutoka kwenye mabaki ya mdogo wake. "Mwenye hiki ndiye wa zamu," aliwatangazia. "Dawa, chakula, kumnyanyua, kumwogesha, kila kitu. Kama huna kitambaa, humgusi mama. Unamsubiri mwenye nacho akukabidhi."

"Hata kumpa maji?" kaka mkubwa aliuliza.

"Hata maji."

"Dada," kitinda mimba alisema, "mama si kompyuta."

"Kwa hiyo unataka kumpandisha basi?"

Hilo lilifunga mjadala. Na kusema haki, kitambaa kilifanya kazi. Dawa haikutolewa mara mbili tena, wala haikusahaulika. Kaka mkubwa, aliyekuwa ameguna, akaanza kuwahadithia wenzake kwenye mabomba jinsi mdogo wake alivyo na kichwa. Nyumba ikatulia. Mmoja anaingia, anakabidhiwa kitambaa mlangoni, mwingine anaondoka zake. Ule mtindo wa zamani wa kukutana wote jikoni, huyu anapika, yule anasimulia, mwingine anabisha tu ili abishe, ukafa wenyewe. Hakukuwa na haja. Sambamba aliliona hilo na akalifurahia, kwa sababu kwake kazi kufanyika bila maneno mengi lilikuwa jambo la kujivunia.

Mtaalamu wa matamshi, mwanamke mmoja mwembamba aliyekuja na picha za matunda na wanyama, ndiye aliyeshtuka. "Mbona maneno yake yamepungua?" aliuliza. "Niliwaambia mumwongeleshe, na msimmalizie sentensi. Mwacheni ahangaike nayo."

"Tunaongea naye," Sambamba alijibu. "Kila mtu kwenye zamu yake."

Mtaalamu akamtazama mama, mama akatazama dirishani. Sambamba alilisikia swali lile, ila hakulitia maanani, maana siku hiyo akili yake ilikuwa kwa mkuu na mvua zake zilizochelewa.

Ikaja ile alasiri ya Jumamosi. Kitinda mimba alikuwa na zamu. Mteja akaja mbio, gauni la harusi limechanika kwapani na bibi harusi yuko saluni. Kitinda mimba akajitwalia sindano, uzi na futi, akatoka akidhani anarudi sasa hivi, na kitambaa kikaondoka naye, kimejiviringisha ndani ya futi. Kaka mkubwa akafika. Mlangoni hakukuwa na mtu wa kumkabidhi. Akasikia kimya chumbani, akajisemea mdogo wake yupo ndani anamwogesha mama, akakaa sebuleni na kuwasha televisheni. Baadaye Sambamba akaingia, akamkuta kaka yake amejinyoosha kwenye kochi, akadhani wa zamu ni huyo kaka na mama kalala. Akaketi naye. Wakatazama mpira. Kaka akamuuliza habari za kazi, na Sambamba akaanza kumweleza namna prosesa zinavyoweza kugandiana milele, kila moja inamngoja mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo keshaondoka.

Aliikatiza sentensi yake katikati. Chumbani kulikuwa na kitu kinagonga. Ko, ko, ko, taratibu, kama mtu aliyechoka.

Walikimbia wote wawili. Na mlangoni, Mungu awasamehe, wote wawili walisimama.

"Kitambaa kipo wapi?" kaka mkubwa aliuliza.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, katikati ya kitanda na kiti, mgongo ameuegemeza kabatini. Alikuwa ametaka kwenda msalani. Alipoona hakuna anayekuja alijaribu mwenyewe, akateleza, na tangu hapo alikuwa pale, gauni limelowa, anawasikia wanawe wakizungumza mpira ng'ambo ya ukuta. Sauti ya kuwaita haikumtoka. Alikuwa anagonga kabati kwa kitana.

Sambamba alipiga magoti akamkumbatia hivyo hivyo alivyo, na akalia kwa sauti. Hakujali kaka yake yupo. Kaka akamnyanyua mama mzimamzima, machozi yanamtoka na yeye, anarudia, "Tulikuwa tunasubiri, mama, tulikuwa tunasubiri tu." Kitinda mimba akaingia wakati huohuo, futi mkononi, akaona, akakitupa kitambaa chini akajishika kichwa. Wakamvua, wakamwosha, wakamvika gauni kavu, mikono sita ikigongana, kila mmoja akimpokonya mwenzake taulo.

Kisha kaka mkubwa akafuta uso, akatoa simu mfukoni, akaelekea mlangoni. Hakuna aliyeuliza anampigia nani.

"We-we," mama alisema. "Ru-di."

Akarudi. Mama alinyanyua mkono wake mzima kuwataka watulie, kisha akaanza kutafuta maneno. Kitinda mimba alifungua mdomo amsaidie, Sambamba akamfinya. Walingoja. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemmalizia.

"Mna-ni... pokezana," alisema. "Kama... ndoo."

Kaka mkubwa akainamisha kichwa.

"Siku ile. Ya dawa." Akavuta pumzi. "Nili-jua. Nime... shakunywa." Akajigonga kifuani. "Mimi. Ni-u-li-zeni... mimi."

Nimesema mapema kwamba hakuna aliyeijua ile mashine kumshinda Sambamba. Basi mwanamke huyo bingwa alikaa ukingoni mwa kitanda akaona aibu ambayo hajawahi kuiona. Siku zote tangu mama augue walikuwa wanaisoma glasi, wanasoma kitambaa, wanasomana wao kwa wao, na mwenye habari kamili alikuwa amelala hapo anatafuta neno. Yeye ndiye aliyepanga hivyo. Alimfanya mama yake mahali pa kuandikia, wakati mama alikuwa mmoja wao, tena aliyejua kuliko wote. Na maongezi aliyoyafuta kwa kuyaona hasara ndiyo yaliyokuwa dawa yenyewe aliyoandikiwa na mtaalamu.

"Kaka," alisema, "nipe mpaka siku ya kliniki. Kama hajapata nafuu, mimi mwenyewe nitampandisha basi."

Kaka akamtazama mama. "Unasemaje, mama?" Akamuuliza yeye. Mama akakubali kwa kichwa, na simu ikarudi mfukoni.

Kuanzia hapo nyumba ikawa patashika. Zamu zilikuwepo, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuingia au kutoka bila kusema kwa sauti, mbele ya mama, amefanya nini na bado nini, na mama ndiye wa kuthibitisha. "Amekula?" "Ni-mekula." "Supu au mkate?" Hapo mama anatoa jasho mpaka "mkate" utoke. Walianza tena kukutana wote, saa za chai hasa, wamejibana kwenye kile chumba, mmoja anachua mguu, mwingine anakata kucha, wa tatu hana kazi yoyote ila kubisha. Ukitaka kupita unampiga mtu kikumbo. Siku moja mama alimwambia kaka mkubwa, "Vi-atu vyako... vi-baya," na kaka akacheka hadi akakaa chini.

Sambamba alikuwa anawatazama. Aliona kwamba hakuna aliyesimamisha mikono ili azungumze. Mdogo wake aliuliza jambo huku anapinda pindo, na jibu lilimkuta akiendelea na pindo lake. Jumatatu yake alienda ofisini akaifungua ile programu ya mvua, akaacha kuhesabu maswali ya kufuta. Akaipanga upya: kila prosesa imtupie jirani swali mapema, halafu isisimame, iendelee na katikati ya kipande chake ambako haihitaji habari za mtu, na ikifika pembeni itakuta jibu limeshawasili. Si jambo geni, wenye kazi yao wanalifahamu, na yeye pia alikuwa analifahamu. Ila alikuwa ameshapenda ukimya. Iligoma kwanza, ikampa majibu ya ajabu, akakaa nayo. Ilipokubali, mvua ilianza kutabiriwa kabla ya kunyesha, na mkuu akaacha kumkodolea macho.

Kliniki ilipokaribia, walikuwa wote chumbani kwa mama simu ya kaka ilipolia. Alikuwa mama mdogo. Chumba kimeshapakwa rangi, alisema, kitanda kimeingizwa, wanauliza wamtarajie lini. Kaka mkubwa aliweka sauti wote wasikie. Zamani angejibu mwenyewe bila kumtazama mtu. Sasa alimgeukia mama, akamnyooshea simu.

Mama aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akaanza kutafuta neno. Wanawe watatu walikuwa wamefumbua midomo, na wote watatu wakaifumba.

"Mdogo wangu," alisema, taratibu lakini yote. "Asante. Ki-pangishe. Mimi siji. Nina kazi."

"Kazi?" mama mdogo alishangaa. "Kazi gani tena, dada, na hali hiyo?"

Mama akawazungushia macho, mmoja mmoja: fundi bomba, fundi cherehani, na yule wa kompyuta.

"Hawa," alisema. "Ukiwaacha peke yao... hawaulizani."